Mtandao wa Nyumba Iliyofungwa

Laptopu ilisema imeunganishwa, na hilo ndilo lililomuudhi Ambujam kuliko yote. Mashine ikikwambia haina mtandao, angalau unajua ulipo. Hii ya kwake ilimwonyesha ile alama ya waifai yenye vipinde, kipinde kimoja tu kikiwa kimekolea rangi, ikamhakikishia kuwa mambo ni shwari, kisha akibonyeza chochote kiduara kinaanza kuzunguka na hakikomi. Majuma matatu alikuwa akikitazama kiduara hicho. Alikitazama akichambua dengu, alikitazama akisuka shada la maua ya kuweka mbele ya miungu, na kila Ijumaa saa ya kahawa alikitazama mpaka kahawa ikapoa ikafanya utando juu.

Ijumaa ilikuwa siku ya Vedam kupiga simu.

Vedam na Ambujam walikuwa majirani wa ukuta mmoja, nyumba ya kumi na nne na ya kumi na mbili, tangu walipoletwa kuolewa katika mtaa huo wa nyuma ya hekalu, wote wawili wasichana waliokuwa bado wanalilia kwao. Waume zao walikufa, wa Ambujam mapema na bila kumwachia mtoto, wa Vedam baadaye sana. Miaka yote hiyo, ikifika saa kumi, mmoja alimwita mwenzake kupitia ukutani, wakakaa barazani na vikombe vyao vya chuma, wakawasema wapita njia mmoja mmoja. Hata siku walizonuniana walikaa, ila kimya, kila mtu akitazama upande wake wa barabara.

Mwaka jana Raghu, mwana wa pekee wa Vedam, alikuja kutoka Houston, akafunga nyumba, akamchukua mama yake. Alisema mama ameanza kusahau jiko likiwaka. Ambujam alisema nani asiyesahau jiko? Hakuna aliyemsikiliza, na kusema kweli hakuna aliyelazimika, maana yeye ni jirani tu, na jirani hatii sahihi popote. Raghu alimwachia laptopu yake ya zamani, iliyokuwa ikitumika humo humo nyumbani kwao, akamwambia, "Mami, weka intaneti yako, utaonana na Amma kila wiki." Mtaani kwao mama mzazi ni Amma, na wanawake wa umri wake waliitwa Mami na kila mtu. Siku hizi waliobaki kumwita hivyo walikuwa wa kuhesabu, wengine wote walishahamia Dubai na Toronto.

Basi akaweka intaneti. Ijumaa kwa Ijumaa uso wa Vedam ukajitokeza kwenye kioo, au tuseme paji la uso wa Vedam, kwa sababu hakujifunza kamwe kuiweka sawa ile simu ya mkwewe. "Huku hakuna baraza," alilalamika. "Kuna nyasi. Nyasi mbele, nyasi nyuma, na hakuna hata mtu mmoja wa kumsema." Ambujam akamsimulia ya mtaani, akitia chumvi kidogo ili habari zitoshe.

Kisha Ambujam akaenda mji wa Tiruchi kwenye harusi ya binti wa mpwa wake, akakaa huko juma zima. Aliporudi, laptopu ikawa ndiyo hiyo ya kiduara.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo hakumsimulia Vedam, kwa sababu hakutaka kushukuriwa. Kila alfajiri, akishamaliza kuchora kolamu mbele ya mlango wake, kwa unga wa mchele, nukta kwanza halafu mistari ya kuzizunguka, alihamia mlango wa Vedam akachora nyingine. Mlango usio na kolamu mtaani kwao ni mlango wa msiba. Mtu akipita akauona mtupu anateremsha sauti, anauliza nani kafa. Nyumba nyingi zilikwisha kufungwa na mbele yake palikuwa vumbi tupu, wala hakuna aliyejali tena. Lakini mlango wa Vedam uonekane wa maiti, na mwenyewe yu hai anakula na kulalamikia nyasi? Ambujam hakuweza.

Si kwamba alikuwa hodari wa kuchora. Mistari yake ililala kushoto tangu ujana, na Vedam hakumwacha asahau. "Wee Ambujam, kolamu yako inataka kuhama mtaa," angemwambia kila asubuhi, ameshika kiuno. Ambujam naye, bila kuinua uso, angemjibu, "Rekebisha mwenyewe." Basi ungesikia ndara za Vedam pwata pwata, anakuja, anachutama, anafuta kwa kidole gumba na kuchora upya, huku akimnanga mwenzake kwa mapana na marefu. Hivyo ndivyo siku zao zilivyoanza.

Sasa majuma matatu hakuna Vedam. Ambujam aliichomoa ruta, ule mkebe mweusi wenye vitaa, akahesabu pumzi zake, akaichomeka. Aliizima laptopu akaiwasha. Aliibeba mpaka jikoni, mpaka kwenye ua wa kati, mpaka karibu na kisima, akiwa ameinyanyua kwa mikono miwili. Kipinde kikabaki kimoja, kiduara kikazunguka.

Usiombe kukaa na swali moja peke yako nyumbani. Asubuhi alijiambia mashine ndiyo mbovu: Vedam anapiga, anapiga, anakosa, analia huko kwenye nyasi zake. Ikifika mchana alijiambia la: mtu akitaka kukutafuta hakosi njia. Simu yake ndogo ya vitufe haikuweza kupiga Marekani lakini kupokea inapokea, na Raghu namba anayo. Kwa hiyo Vedam amepata wenzake huko, wa baraza za huko, kama zipo. Siku nne zilizopita ile fikra ya mchana ilimjia mapema, alfajiri, akiwa amekwisha kupiga magoti na unga mkononi mbele ya mlango wa Vedam. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa moto. "Huna haja na mimi, na mlango wako ukae hivyo hivyo," alisema kwa sauti, akaurudisha unga kopoani, akaingia kwake. Kesho yake hakuchora, na keshokutwa, na mtondo.

Hakupata raha hata chembe. Kila akitoka aliuona ule mlango mtupu kwa pembe ya jicho, moyo ukamchoma, na kiburi kikamkataza. Mwishowe alimpigia Kadiresan, mtu wa kebo, akamwambia aje yeye mwenyewe kwa miguu yake, asimfundishe tena kuzima na kuwasha kwa simu. Alitaka kujua jambo moja tu. Ni mashine iliyomnyamazisha Vedam, au ni Vedam mwenyewe?

Kadiresan alifika mchana kabla ya saa ya kahawa, tumbo mbele, simu mbili mfukoni mwa shati, waya umezungushwa begani. Mtaa wote ulipata televisheni na intaneti kutoka kwake, kwa hiyo alimjua kila mtu na hakumwogopa yeyote.

"Mami, umezima ukawasha?"

"Nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea. Uliza lingine."

Alikaa sakafuni mbele ya laptopu, akaifunika, akaitazama ubavuni. "Na hili tone la msandali?"

"Nililipaka sikukuu ya zana, kila mtu akibariki chombo chake cha kazi. Wewe koleo lako hukulipaka?"

"Nililipaka, mbona. Ila mimi sikuziba tundu la chaja, Mami. Mungu naye anataka pa kupitishia umeme." Akalikwangua kwa ukucha, akatoa simu yake moja, akaitazama. "Intaneti ipo. Inaruka kabisa. Mimi hapa naona kriketi bila kukwama. Kwa hiyo si mimi, ni mashine yako. Imezeeka."

"Mimi na wewe nani hajazeeka? Iangalie vizuri."

"Naiangalia, Mami, kahawa tu ndiyo siioni."

Ambujam aliinuka kwenda kutia maziwa jikoni, na kabla hajawasha kiberiti umeme ukakatika, kama ilivyo desturi yake saa hizo. Pangaboi likapunguza mwendo, likazunguka kwa uvivu, likasimama. Vitaa vya ruta vikafa vyote. Kadiresan akajinyoosha mgongo. "Haya, serikali imetupa mapumziko," akasema. Halafu akainamia laptopu.

"Mami, hebu njoo."

Laptopu ilikuwa ikiendelea kwa betri yake. Kipinde kilikuwa pale pale, kimoja, kimekolea.

"Si ndiyo tabia yake?" Ambujam akasema. "Nilikwambia, ni mwongo huyo."

"Mami, ruta yako imekufa. Unaiona? Imekufa. Sasa hii imeshika mtandao wa nani?"

Akabonyeza ile alama. Ikafunguka orodha fupi, maana mtaa ule haukuwa tena na watu wa kujaza orodha. Kadiresan aliupa kila mtandao wake jina la kampuni yake na namba ya nyumba, ili asichanganyikiwe. Ya kumi na mbili haikuwapo. Iliyokuwapo, na iliyokuwa imeunganishwa, ilikuwa ya kumi na nne.

Ambujam akakisogelea kioo. "Hiyo ni kwa Vedam."

"Ni kwa Vedam Mami, ndiyo."

"Kwa Vedam pamefungwa. Raghu alizima swichi kubwa, mimi ndiye niliyemshikia tochi. Hakuna mtu mle ndani, Kadiresan."

"Watu hawapo. Mtandao upo."

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali na barabara nyeupe. Mlango wa Vedam ulikuwa na kufuli lake kubwa, na mbele yake ardhi tupu ya siku nne, na jani moja kavu katikati. Kadiresan alisogea, akainua uso kwenye kizingiti cha juu, pale yalipobaki majani makavu ya sherehe ya mwisho. Nyuma ya majani kulikuwa na kitu cheupe kama yai, na ndani yake kijitone chekundu kikiwaka.

Kadiresan akajipiga kofi la paji la uso. "Lo! Mimi ni mpumbavu, Mami, nipige. Bwana Raghu alinipigia. Alitaka kamera, aone nyumba yake akiwa kule, wezi wasije. Nikamtuma binamu yangu akaweka kamera, akawasha ruta ya zamani, na betri kubwa ili umeme ukikatika kamera isizimike. Wewe ulikuwa Tiruchi. Nikasema ukirudi nitakwambia, nikasahau."

Akamweleza, akichora hewani kwa kidole. Laptopu ile ilikuwa ya nyumba hii, imezoea mtandao wa nyumba hii. Ulipozimwa, ikakubali wa Ambujam bila maneno. Ulipowashwa, ikaanza kuvizia: umeme ukikatika kwa Ambujam tu, inarukia kwao, na hata umeme ukirudi haitoki tena, inang'ang'ania kijimtandao dhaifu kinachopenya kuta mbili nene, kisichoweza kupitisha hata neno. "Ukiizima ukaiwasha, inaanzia kwao. Neno la siri inalijua toka zamani. Haijaharibika, Mami. Inarudi kwao tu."

Ambujam hakuwa akimsikiliza sawasawa. Alikuwa akikitazama kile kijitone chekundu, na aibu ilikuwa ikimpanda taratibu. Majuma yote hayo mtu alikuwa akimwona. Alimwona alfajiri na nywele hazijachanwa, sari imepandishwa magotini, akijisemesha. Alimwona siku ile alipouambia mlango ukae hivyo hivyo na kuurudisha unga kopoani. Akauvuta upindo wa sari mabegani, ingawa ulikuwa mahali pake.

"Na sauti inasikia?" aliuliza.

"Sauti haisikii. Ile ni ya bei rahisi."

Umeme uliporudi, Kadiresan alikaa tena sakafuni. Aliitoa laptopu kwenye mtandao wa kumi na nne, akaichagulia wa kumi na mbili, na vipinde vyote vikakolea kwa mara moja. Kwa kidole juu ya kitufe akasema, "Sasa huu wa kwao niufute kabisa, usikusumbue tena."

"Usiufute."

"Mami, nikiuacha..."

"Iambie isijiunge yenyewe. Nikitaka mimi, nitaibonyezea. Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana," akasema Kadiresan, akamtazama kidogo, akafanya alivyoambiwa. Akanywa kahawa yake wima, akazungusha waya begani, akaenda zake.

Ambujam alikaa mbele ya kioo peke yake. Aliifungua ile programu ya simu za picha akaweka mikono mapajani, akasubiri. Alikuwa amekwisha kuandaa moyo wake kwa mlio: Ijumaa zote tatu zilizopotea zingeingia kwa mpigo, Vedam alipiga, Vedam alipiga tena, Vedam alipiga mara ya tatu. Angecheka. Angemwambia, bibi wee, nilikuwa nimeunganishwa nyumbani kwako muda wote huu.

Programu ikafunguka haraka, safi kabisa. Ikaonyesha simu ya mwisho, ile ya kabla ya Tiruchi. Baada ya hapo palikuwa peupe.

Hakuna aliyepiga. Mashine haikumficha mtu. Ambujam aliutazama ule weupe, na upweke ambao kwa majuma matatu alikuwa ameusukuma kwa dengu na maua na kuchomoa ruta ukamjia wote, ukamkalia kifuani. Alilia kama wanavyolia watu waliozoea kulia peke yao, bila kujifunika uso. Nyumba ilikuwa kubwa mno. Upande wa pili wa ukuta nao nyumba ilikuwa kubwa mno, na kati ya zote mbili kulikuwa na mtu mmoja.

Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa sari, akapiga mwenyewe.

Ililia kwa muda mrefu. Kule kwao kulikuwa kunapambazuka. Aliyejitokeza ni Yamuna, mke wa Raghu, macho mekundu, nywele ovyo.

"Mami! Mbona... Kuna nini? Nani kafa?"

"Afe nani tena? Mimi Ambujam, napiga simu. Mkwe wako yuko wapi, au siku hizi mpaka mtu afe ndiyo tuzungumze?"

Yamuna alifunga macho. "Mami, usinikasirikie. Raghu alisema tusikusumbue."

"Nisumbueni. Sina kazi nyingine."

Basi Yamuna akaketi, inaonekana kwenye ngazi, akasema polepole kwa sauti ya chini. Amma alikuwa amezidi kusahau. Mwezi uliopita walipomwekea simu mbele alianza kupiga kelele, akasema kuna mtu amefungiwa mle ndani, mtoeni. Uso wowote kwenye kioo ulimtisha, hata wa mjukuu wake. Ndiyo maana Ijumaa zikakatika. "Tuliona haya kukwambia, Mami. Tukasema labda atapata nafuu, tutakupigia akipata nafuu."

Ambujam akauliza, "Ananikumbuka?"

Yamuna alihamisha simu mkono wa pili. "Lakini ile kamera anaipenda. Raghu alimwekea tableti ukutani, inaonyesha mlango wenu kule. Kila jioni akishakula anakaa mbele yake, na huko kwenu ndiyo kunapambazuka. Anasubiri mtu aje achore kolamu. Ukishachora anafurahi, anasema haya, nyumbani kwangu kuzima, anakwenda kulala. Kila siku, Mami. Ndiyo dawa yake."

Ambujam aligeuza macho kwenye kopo la unga.

"Sasa tangu siku nne kolamu haipo." Sauti ya Yamuna ilikatika. "Anauliza nani kafa. Tunamwambia hakuna. Anasema mlango mtupu, mnanificha, nani kafa nyumbani kwangu? Jana kajimwagia maji baridi na nguo zake zote, kama mtu aliyepata habari ya msiba. Hali chakula. Usiku huu hakulala kabisa, yuko pale kwenye kiti anautazama mlango. Tulidhani wewe unaumwa, Mami. Raghu alikuwa akupigie leo. Aliogopa angeambiwa nini."

"Mwambie asubiri," Ambujam akasema. "Wee Yamuna, usikate. Mwambie asubiri hapo hapo."

Alichukua kopo la unga kwa mkono mmoja na laptopu ikiwa wazi kwa mkono wa pili, na ndoo akaipachika kiwiko. Umri wake haukumruhusu hata kimoja kati ya hivyo. Alipofika nguzo ya mwisho ya baraza yake picha ya Yamuna ikaganda mdomo wazi, kiduara kikaanza. Ambujam hakukitazama. Alipanda baraza ya Vedam, akaiweka laptopu juu ya saruji pale alipozoea kuweka kikombe chake, akabonyeza orodha, akatafuta ya kumi na nne, akabonyeza. Vipinde vikajaa vyote. Kwa namna ya miujiza ya mitambo, Yamuna akafunga mdomo na kuendelea, "...anakuona, Mami! Anakuona!"

Ambujam aliusogeza uso wa laptopu ukatazama ukuta, uso wake usije ukamtisha mtu. Akanyunyiza maji mbele ya mlango, akaondoa lile jani kavu, akachutama.

Mwuza maua alikuwa akipita na kapu kichwani. Akasimama. "Mami, kolamu saa hizi? Jua kali hivi?"

"Pita zako," Ambujam akasema.

Aliweka nukta. Unga ulimwagika mwingi mahali na kidogo mahali. Mgongoni alihisi kile kijitone chekundu, akainamisha uso zaidi. Kutoka barazani, kwenye laptopu, ikasikika sauti aliyokuwa hajaisikia tangu kabla ya Tiruchi, kavu, yenye amri.

"Nani huyo?"

"Ni Ambujam Mami, Amma. Amekuja kukuchorea."

"Ambujam gani? Huyu kikongwe. Ambujam ana nywele nyeusi tii."

Ambujam alitaka kuinua kichwa, akajizuia. Machozi yalidondoka kwenye unga yakafanya vishimo, akavifunika. Akaanza mistari, ule mchoro wa yungiyungi waliouchora wote wawili sikukuu zote, akauzungusha nukta moja, akaingia ya pili, akatoka. Alichora upande mmoja, akahama kwa magoti, akachora wa pili.

"Unalala kushoto," Vedam akasema.

"Nini, Amma?"

"Mstari. Hamna macho? Tazama, unalala kushoto. Huo ni mkono wa Ambujam, hakuna mwingine dunia nzima. Namwambia kila siku, hasikii." Akavuta pumzi. "Basi hakuna aliyekufa."

"Hakuna, Amma. Hakuna aliyekufa."

"Mbona mmekaa na nyuso za matanga, basi? Nipe kahawa. Na mwambie Ambujam aurekebishe huo mstari, watu watatucheka."

Ambujam alikuwa amepiga magoti juani, sari imelowa maji na unga, shingo imemuuma kwa kuinama. Alijua kuwa kamera haisikii. Lakini laptopu ilikuwa wazi, na vipinde vyote vilikuwa vimejaa.

"Rekebisha mwenyewe," akasema.

Halafu akasikia kiti kikiburuzwa.

"Ngoja nivae ndara," Vedam akasema. "Nakuja."

Zikasikika kweli, pwata pwata, kwenye sakafu ya mbali huko, zikienda haraka, na nyuma yake sauti ya Yamuna ikikimbia, "Amma! Huko ni gereji, Amma! Amma, rudi!" Ambujam hakuinua uso. Alisogea kando, pale alipozoea kusogea, akamwachia mwenzake nafasi ya kuchutama.